Bakuli la Mlangoni: Miaka Arobaini na Mitatu ya Abu Ramiz Kwenye Kinu

Jumapili hii, tarehe 30 Aprili 2023, baada ya miaka arobaini na mitatu ya kutwanga dengu katika Mkahawa wa Ngazini, fundi wetu Nazem Kabbara, ambaye mji wetu mzima wa Trablus unamwita Abu Ramiz, atauweka mchi chini na kwenda kupumzika. Wenye mkahawa wameniomba mimi, Jalal Munla, mpishi wa maharage hapa kwa mwaka wa kumi na tisa, niandike machache ya kusomwa kwenye sherehe. Wamesema yawe mafupi na ya kuchekesha. Kwa ufupi nitajitahidi.

Abu Ramiz hakuja kuomba kazi. Mwaka 1980, akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, alikuja kula, akalalamika kwa sauti kwamba humusi, rojo yetu ya dengu na ufuta, imezidi kitunguu saumu. Mzee mwenye mkahawa akatoka jikoni, akamkabidhi mchi mbele ya wateja. "Kama unajua sana, twanga wewe." Akatwanga. Mpaka leo hajarudi mezani kumalizia sahani yake.

Wanaomjua wanajua masharti yake. Dengu zilowekwe jioni kwa magadi kidogo, zichemshwe alfajiri mpaka ziyeyuke kati ya vidole viwili, zitwangwe zingali moto. Ufuta uliosagwa, limau, chumvi, basi. Mwaka 1996 mtoto wa mwenye mkahawa alinunua mashine ya umeme ya kusagia. Abu Ramiz aliipokea kwa heshima zote, akaifunika kitambaa, na tangu siku hiyo huitundikia kofia yake. Kuna mpwa wake aliyetoka Montreal akaja saa kumi jioni, tumeshafunga zamani, kuulizia humusi ya parachichi. Abu Ramiz alimwekea kiganja kwenye paji la uso. "Mwanangu, una homa?" Na mwaka ule nchi yetu iliposhindana na majirani kwa bakuli kubwa kuliko yote duniani, walikuja kumwalika. Akawajibu kwamba kinachopimwa kwa tani ni saruji.

Hakuwahi kukosa siku hata moja. Siku ya harusi yake alitwanga akiwa na suti, akaenda kuoa na tone la ufuta kwenye tai. Alitwanga na homa, alitwanga na mkono wenye bendeji. Sisi tulisema ni mapenzi ya kazi, na miaka mitatu mfululizo tulimpa zawadi ya mfanyakazi bora. Nitarudi kwenye jambo hili, maana tulikosea.

Meza ndogo iliyo karibu na mlango wateja wetu wote wanaijua na hawaikalii. Mwaka 1985 hapo alikuwa akila Wafik, fundi cherehani wa miaka ishirini na miwili, kila siku kabla ya kwenda kazini. Asubuhi moja ya vuli, barabara zikiwa zimefungwa kwa mapigano, mkahawa uliishiwa vitunguu vibichi. Wafik alikuwa ameshakula matonge matatu. Akainuka.

"Abu Ramiz, usiniondolee bakuli. Nashuka kwa muuza mboga, narudi sasa hivi."

Kutoka mlangoni kwetu mpaka kwa muuza mboga ni ngazi thelathini na nne, ukuta kushoto, ukuta kulia, hakuna mlango wala dirisha ubavuni. Abu Ramiz alimwona akianza kushuka. Muuza mboga, aliyekuwa amesimama chini akitazama juu, alikula yamini kwamba hakuna mtu aliyefika. Hapakuwa na mlio wa risasi saa ile, wala kelele, wala kiatu kilichobaki.

Saa nne mama yake, Umm Wafik, alipanda ngazi hizo akimtafuta. Abu Ramiz akamwonyesha bakuli. "Tazama, mama, humusi bado mbichi. Hajaenda mbali."

Kila mtu katika mji huu anajua kwamba humusi haisubiri mtu. Iache wazi nusu saa, inaota utando. Saa nzima, inapasuka na mafuta yanakimbilia ukingoni. Kesho yake Abu Ramiz alitayarisha bakuli jingine, akaliweka pale pale. Mchana walipokuwa wakifunga, kwa jinsi walionitangulia wanavyosimulia, lilikuwa bado linang'aa kama limetoka kinuni. Kesho kutwa vilevile. Na hivyo hivyo kwa karibu miaka thelathini na minane, hata asubuhi za Ramadhani mkahawa ukiwa umefungwa.

Umm Wafik huja kila siku saa nne, hukaa dakika kumi mbele ya bakuli, hulitazama, hushuka. Hana kaburi la kuzuru wala barua ya kusoma. Habari pekee anayoipata ya mwanawe ni hiyo humusi.

Nilipoanza kazi sikuamini. Wiki nzima nilimvizia Abu Ramiz nimkamate akilinyunyizia maji kwa siri, nikaunguza masufuria mawili ya maharage na wateja wakanitukania ukoo. Sikumkamata. Nilichokiona ni kwamba kila akipita karibu na meza ile alijibana upande wa pili, kama mtu anayepita penye mbwa asiyefungwa.

Ijumaa iliyopita, siku mbili kabla ya kustaafu, alinipa kijiko. "Leo wewe."

Bakuli la Wafik lilikuwa halijawahi kutayarishwa na mkono mwingine. Nilitwanga, nikapaka, nikachimba kishimo kwa mgongo wa kijiko, nikamimina mafuta ya zeituni. Saa mbili nikaliweka mezani. Saa mbili na nusu utando. Saa tatu mipasuko. Karibu na saa nne nikasikia mkongojo wa Umm Wafik ngazini, ngazi moja moja. Nikachukua matone ya maji, limau, mafuta, nikavuruga haraka haraka, nikalilainisha. Abu Ramiz aliniona. Akageukia ukutani.

Umm Wafik akakaa. Katika miaka yangu yote hapa hakuwahi kuniambia zaidi ya salamu.

"Mwanangu, mafuta yako mengi."

"Nisamehe, mama."

"Mwenzako naye siku ya kwanza alilivuruga hivyo hivyo, akadhani sikuona. Nimetengeneza humusi tangu nina meno ya utoto, nitadanganywa kwa kijiko? Nilimwambia nimemsamehe mara moja tu, kwa huruma yake. Na wewe mara yako ndiyo hiyo, imekwisha. Kesho usiliguse."

"Na likikauka, mama?"

"Likikauka nitavaa nyeusi, nipumzike. Nina miaka themanini na moja, Jalal. Nataka kujua."

Alipoondoka nilimfuata Abu Ramiz kwenye beseni, alikokuwa akiosha mchi ambao tayari ulikuwa safi. Nikamuuliza kama ni kweli. Akanyanyua kidole kimoja.

"Mara moja tu. Siku ile ya kwanza. Baada ya hapo sikuthubutu hata kulipulizia. Unadhani nilikuja na homa kwa kupenda kazi? Nililiogopa, bwana wewe. Nilisema, nikikosa siku moja likakauka, nitakuwa nimemuua mtoto wa watu."

Samahani, ndugu zangu wa kamati ya sherehe. Zile zawadi za mfanyakazi bora mzirekebishe kwenye kumbukumbu.

Leo ni Jumamosi. Nimelitayarisha tena, nikaliweka saa mbili, nikaenda kukaa mbali, mikono yangu nimeikalia. Saa mbili na nusu sikutazama. Saa tatu nikatazama. Saa nne Umm Wafik akaingia, amebeba kitambaa cheusi mkononi, kimekunjwa vizuri. Wateja waliacha mkate hewani. Aliinama mpaka pua ikakaribia bakuli, kisha akakirudisha kitambaa kwenye mkoba. "Haya. Kesho," akasema, akashuka ngazi.

Ninapoandika ni saa nane mchana. Viti vyote vimepinduliwa juu ya meza isipokuwa kimoja. Mafuta yametulia kwenye kishimo kama nilivyoyamimina, na humusi ni mbichi. Sikuigusa, naapa kwa watoto wangu. Ningefurahi zaidi kama ningekuwa nimeigusa. Sasa najua kwa nini mtu huenda kazini akiwa na homa, na najua sitaugua tena.

Abu Ramiz, kwa niaba ya wenye mkahawa, wapishi, wakata nanaa na kila aliyewahi kufuta kwa mkate bakuli la mkono wako, ahsante. Umetulisha asubuhi elfu kumi na tano, na zamu moja umeishika peke yako bila kumwambia mtu inavyotisha. Kuanzia Jumatatu lala mpaka jua likuchome usoni. Kunywa kahawa mpaka mwisho wa kikombe. Ule hata humusi ya mashine ukitaka, hatutamwambia mtu. Tunakuombea siku nyepesi na usingizi mzito, wewe na nyumba yako.

Kofia yako tumeiacha pale pale kwenye mashine. Bakuli halitaondolewa.