Kanali Hezekiah Gikunda Marete, Mwalimu wa Wakubwa (1966–2025)

Majirani wa Kibirichia, wakwe zetu kutoka Embu, watu wa Mikinduri mliofika hata na barabara ikiwa vile mlivyoiona, na nyinyi wanajeshi mliosimama huko nyuma kwenye baridi, sogeeni karibu, haya ndiyo maisha ya Gikunda kama mama yake, Kananu, alivyoyasema, na familia imeomba yasomwe yote, hata yale yasiyo matamu.

Gikunda alizaliwa tarehe 14 Aprili 1966 hapa Kibirichia, mtoto wa pili wa Kananu na mzee Marete, aliyetutangulia, na Kananu bado anamkumbuka mtoto ambaye ukimtuma hakuondoka mpaka akuulize sababu, hadi baba yake akawa anasema, "Huyu nikimwambia nyumba inaungua atataka kujua ni nani aliyeiwasha."

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani kuanzia mwaka wa 1973, akaenda sekondari Meru mjini mwaka wa 1980, akamaliza kidato cha sita mwaka wa 1985, na tarehe 3 Machi 1986 akaingia jeshini kusomea uafisa, mama yake akamfungia mukimo, chakula cha njiani, na kumwambia, "Enda, lakini usirudi hapa ukinipigia kelele kama askari wa chifu," naye hakurudi hivyo hata siku moja.

Tarehe 17 Desemba 1994 alimwoa Gladwell Wawira, mwalimu, kwao Embu, na siku hiyo wamama wa Embu walimzuia getini wakisema mtu mwenye viatu vya kung'aa hivyo hajui jembe, basi akavua viatu, akakunja suruali, akalima mistari mitatu mbele yao ndipo wakamfungulia, na Mungu akawapa watoto wawili, Marete aliyechukua jina la babu, na Kananu aliyechukua la nyanya, wote wako hapa mbele yenu.

Katika kazi alipanda hatua kwa hatua, na mwaka wa 2010, akiwa Luteni Kanali, alifika Mikinduri siku ya kuandikisha vijana, akamkuta Mwiti, kijana wa pekee wa mjane Kajuju, mama ambaye alikuwa akija kununua waru, viazi vya huku kwetu, kwa Kananu, na kwa vile Kajuju alikuwa amekataa kabisa kumwachilia, Gikunda aliketi jikoni kwake, akanywa uji wa wimbi vibuyu viwili, akamwambia, "Mama, huyu nitamwangalia kama ndugu yangu," na kwa neno hilo Kajuju akakubali.

Mwaka wa 2012 kikosi chao kilikuwa nje ya mipaka, wakaamriwa kupita barabara fulani, Gikunda akaongea na wakubwa kwa redio kwamba wenyeji wamemwonya barabara hiyo ni mbaya, waliokuwa mbali kwenye viti vizuri wakamjibu, "Tekeleza," akarudia kusema, wakarudia kujibu, na tarehe 9 Oktoba Mwiti akafa kwenye barabara hiyo pamoja na wenzake wawili.

Gikunda mwenyewe ndiye aliyemleta Mwiti mpaka Mikinduri, na Kajuju hakupiga kelele wala hakumtukana, alisema tu, "Neno ulinipa wewe, Gikunda, sio serikali," na tangu siku hiyo kila Gikunda alipoenda kumwona, na alikuwa akienda kila mwaka, Kajuju alimpa kiti, akamuuliza habari za watoto, lakini uji hakumpa, na kwetu mnajua, mtu akikupa kiti na asikupe kitu cha kuweka mdomoni, hajakufukuza, lakini pia hajakusamehe.

Januari mwaka wa 2013 aliomba kuhamishwa chuo cha maafisa wakuu, pale makanali na mabrigedia wanapofundishwa kuongoza jeshi zima na kupima vita kabla havijaanza, na watu hapa kijijini waliokuwa wakingojea Jenerali walinung'unika, hata Kananu akamuuliza kwa nini anaacha vikosi akafundishe watu wenye mvi, naye akamjibu, "Mama, Mwiti hakuuawa na adui peke yake, aliuawa pia na watu wasioambilika."

Darasani mwake kulikuwa na sheria moja iliyowachosha wakubwa, kwamba mpango wowote ukiwekwa mezani mwenye cheo cha chini kabisa ndiye anaongea kwanza, na mkubwa anaongea mwisho, maana mkubwa akishafungua mdomo wengine wanabaki kuitikia tu, na Brigedia Ndambiri, mwanafunzi wake ambaye yuko nasi leo, ametuambia kwamba siku ya kwanza aliinua mkono haraka akaambiwa, "Afande, wewe ni waru ya kuuza, ngoja kwanza mbegu iongee," maana kwetu waru kubwa huuzwa na ndogo huwekwa mbegu, darasa lote likacheka, na wengine wakawa wanamwita Mwalimu wa Waru nyuma ya mgongo wake.

Huyo Ndambiri baadaye alipewa kazi ngumu, akamwacha luteni mdogo aongee kwanza, akabadilisha njia kwa sababu ya maneno ya huyo luteni, na watu wake wakarudi wote, na Kananu aliposikia alimsihi Gikunda aende Mikinduri akamweleze Kajuju kwamba kifo cha kijana wake kimeokoa wengine, lakini Gikunda aliinamisha kichwa akasema, "Mama, siwezi kwenda kumwambia kwamba vijana wa wenzake wamerudi."

Alistaafu jeshi mwaka wa 2021 akiwa Kanali, chuo kikamwomba aendelee kufundisha, akaendelea mpaka Novemba 2023 chakula kilipoanza kumkwama, na tarehe 22 Januari 2024 madaktari wakasema ni saratani ya koo la chakula, ugonjwa ambao umetumalizia watu sana huku kwetu, akatibiwa Nairobi na Meru, akapata nafuu kidogo, kisha akarudi chini, na Kananu alipotaka kwenda kumwomba Kajuju aje, Gikunda alikataa, akasema mtu hamtumi mama yake kumwombea msamaha.

Jumanne tarehe 1 Julai 2025 Kajuju alikuja mwenyewe, amesikia habari sokoni, amebeba uji kwenye kibuyu, na Gikunda wakati huo alikuwa akilishwa kwa mpira na sauti imeisha, Kajuju akamimina kikombe, akamwinua kichwa, uji ukamwagika wote shingoni, akasema polepole, "Nimechelewa," kisha akachovya kidole akampaka midomoni, Gikunda akawa anamwangalia.

Alifariki Alhamisi tarehe 3 Julai, saa kumi na moja asubuhi, na kama alionja ule uji au hakuonja hakuna anayejua, Kajuju amemuuliza Kananu jambo hilo kila siku tangu hapo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliokesha nasi na kututekea maji, wakwe wa Embu, maafisa na wanafunzi wake, na Kajuju wa Mikinduri, ambaye ameketi leo na wafiwa kwa sababu Kananu amemwomba asikae mahali pengine.

Gikunda mwana wa Marete, hakuna amri tena, pumzika kwa amani.