Mama Mkwe Alinikalia Njiani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi wa mbele, na ninyi pia mliokaa karibu na mlango mkitazama kama mvua imepungua. Tulieni kidogo. Ushuhuda wangu si mfupi, lakini una mahali pa kucheka, na mchungaji amenipa ruhusa.

Wengi mnanijua. Mimi ni Wamalwa, baba yake Nekesa, mtu wa Bungoma niliyeletwa huku Kitale na kazi. Wanaojua Kibukusu wameshaanza kutabasamu, maana jina hilo hupewa mtoto aliyezaliwa wakati pombe iko chunguni. Basi chekeni, hata mimi siku hizi nalicheka. Nililirithi kwa babu yangu, baba ya baba, na mtasikia lilivyonisumbua.

Nilikuwa naongoza ng'ombe wa plau katika shamba la mzungu. Nilikuwa na nyumba, nilikuwa na kipande cha kulima mahindi yangu, na mke ninayempenda. Vita vilikuwa vimekwisha, watu wamerudi. Mwaka ule mahindi yalikubali sana. Hakuna aliyekufa kwetu. Hakuna aliyenitukana. Nawaeleza hivi ili mwone ajabu yake, kwa maana katikati ya neema hiyo moyo wangu ulizimika.

Sijui niseme vipi. Niliamka asubuhi moja kifua kikiwa kizito, nikadhani ni homa. Kesho yake vilevile, na mwezi uliofuata vilevile. Nikiwafunga ng'ombe nira, machozi yananitoka, na ng'ombe wananitazama. Chakula hakina ladha. Nekesa, mtoto wangu wa kwanza, alikuja kunionyesha jino lililong'oka, nikamtazama kama mtoto wa watu. Jioni nilitamani nilale nisiamke tena. Nasema wazi, ndugu zangu, kwa sababu najua humu ndani kuna mtu aliyewahi kutamani hivyo na hajamwambia mtu.

Nikatafuta msaada. Kule shambani palikuwa na mtu wa dawa. Alinipa chumvi ya kuharisha, nikaharisha, huzuni ikabaki. Daktari wa Kitale mjini alikuwa wa wenye pesa, na sisi wa plau hatukuwa hao. Mganga mmoja kule Kimilili alisikia habari zangu akatuma neno kwamba anataka mtamba wa ng'ombe kabla hajafungua mkoba. Mtamba ningetoa wapi?

Basi wazee wa kwetu wakakaa, baba zangu wadogo na wengine, wakazungumza kwa huruma kabisa. Walinipenda, siwasemi vibaya. Wakaona hivi: huyu anaitwa kwa jina la babu yake, na babu alipenda pombe, tena alikufa mwaka wa njaa, wakati hakuna nafaka ya kupika pombe. Babu ana kiu. Ndiye anayemkalia mjukuu kifuani. Dawa ni kupika pombe, kumwaga kidogo chini kwa ajili yake, na mgonjwa mwenyewe ashike mrija wa kwanza.

Ikapikwa. Nikashika mrija, ile mirija yetu mirefu inayofika chunguni kutoka mbali, nikavuta. Ndugu zangu, jioni ile nilipona! Nilicheka, niliimba, nilimbeba Nekesa mabegani. Wazee wakapeana mikono. Asubuhi nikaamka, kifua ni kizito kuliko jana. Wakasema babu hajatosheka. Ikapikwa nyingine. Nikapona tena mpaka asubuhi. Ikapikwa nyingine tena.

Mnaona? Kila nilipozidi kuugua nilizidishiwa dawa, na dawa ndiyo iliyozidi kuniua. Hakuna aliyeliona hilo, hata mimi. Baada ya muda sikungoja tena babu apikiwe. Nilikuwa na mrija wangu mwenyewe, nikiutembeza katika ala ya mwanzi kama bwana mkubwa na fimbo yake. Saa kumi ikifika, popote nilipo, miguu inajua njia ya kwenda chunguni.

Nilijaribu na kanisa. Lilikuwa kanisa dogo la miti na majani, si hili. Mzee wa kanisa alinisogelea mlangoni, akanusa, akaniambia kwa upole niache pombe kwanza, halafu nije. Nikarudi nyumbani. Kama ningeweza kuiacha kwanza, ningemfuata yeye kwa kazi gani?

Ikafika siku nyapara akaniambia kwamba bwana wa shamba amechoka na mtu anayeacha ng'ombe wamelala bila kulima. Plau ikiisha, nihame. Na juma lilelile mke wangu akaniambia, akitazama chini, kwamba mama yake anakuja kutoka Myanga.

Hapo ndipo nilipovunjika kabisa. Nilijua anakuja kufanya nini. Mama hatembei kutoka Myanga mpaka Kitale kwa miguu, akilala njiani kwa ndugu, ili aje kusalimia. Anakuja kumchukua binti yake na wajukuu zake, na haki anayo. Mimi nitabaki na mrija.

Sasa vijana mliokulia mjini nisikilizeni, msije mkapotea. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Hamtazamani uso, hamshikani mkono, hamli pamoja, wala hampishani katika njia nyembamba. Ukimwona mbele unaingia majanini. Jina lake hulitamki, na mimi hata leo silitaji, ingawa ninyi nyote mnalijua, maana mnaimba naye kwaya. Naye mama mkwe nyumbani kwa mkwewe haingii. Kwa hiyo alifikia kwa jirani yetu Mama Wambui, Mkikuyu, mtu wa sala, ambaye mila zetu alizistaajabia lakini aliziheshimu.

Alifika asubuhi. Nikajificha ndani. Nikangoja wafunge mizigo. Hakuna aliyefunga mzigo. Saa kumi ilipokaribia nikachukua ala yangu, nikachungulia mlangoni. Nyumba yangu ilikuwa na mlango mmoja na njia moja nyembamba, iliyobanwa na ua wa miiba huku na huku. Na katikati ya njia, juu ya kigoda, amekaa mama mkwe wangu, ameupa mlango mgongo, anachambua maharagwe.

Nikarudi ndani haraka. Nikamtuma mke wangu akamwombe mama, kwa heshima, asogee kivulini. Mke wangu akaenda, akarudi. Mama anashukuru, anasema hapo alipo panamfaa. Nikangoja. Maharagwe ya mama yule hayakuisha. Jua likazama, chunguni wamekwisha kunywa, ndipo akainua kigoda chake akaenda kwa Mama Wambui.

Kesho yake saa kumi, yuko njiani. Keshokutwa, yuko njiani. Mchana niko kazini, nyapara ananiona. Kazi ikiisha napita nyumbani kuuchukua mrija, na nikishaingia tu, kigoda kinawekwa. Nikajaribu kuubeba mrija kazini. Mke wangu akauficha, na mpaka leo hajaniambia aliuweka wapi.

Siku moja nikasema, hapana, mimi ni mwanamume katika nyumba yangu, mrija nitaazima huko huko. Nikachukua panga nikaanza kutoboa ukuta wa nyuma. Ukuta wa udongo, haukuchukua muda. Mke wangu amekaa anamimina maziwa ya mtoto kikombeni, ananitazama. Nikatoa kichwa, nikatoa bega, nywele zimejaa udongo. Nikainua macho. Kigoda kimehamia nyuma. Mgongo ni uleule, maharagwe ni yaleyale.

Chekeni tu! Mke wangu siku ile alicheka mpaka akamwaga maziwa, na nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mavuno. Nikarudi ndani kwa kinyumenyume.

Lakini siku zilizofuata hazikuwa za kucheka. Anayeacha ghafla mwili unamdai. Mikono ilitetemeka nikashindwa kushika kikombe. Jasho, kutapika, na ukutani niliona siafu wakipanda, na siafu hawakuwapo. Niliogopa sana. Mama mkwe akampa binti yake maagizo: asiachwe peke yake hata kidogo, apewe uji mwepesi kila mara, na Mama Wambui akae naye wakati wewe uko kisimani. Nyapara akaja kuuliza. Sijui mama alimwambia nini, lakini alitoka akisema nipumzike nirudi nikiweza. Hata shilingi moja haikutolewa na mtu.

Mtetemeko ulipotulia, ule uzito wa kifua ulikuwapo bado. Ndugu zangu, hilo liliniumiza kuliko yote. Nilidhani pombe ikiondoka na huzuni itaondoka. Nikalala nimeelekea ukuta nikilia, na tundu langu la panga liko karibu na kichwa. Ndipo nikasikia sauti kutoka nje. Alikuwa amekaa upande wa pili, mgongo wake ukutani. Hanioni, simwoni, mila haijavunjika.

Akasema, "Baba Nekesa, unanisikia?"

Sikujua kama inaruhusiwa kujibu. Nikasema, "Nakusikia, Mama."

"Babu yako hana kiu. Hakuna aliyekuloga. Huu ni ugonjwa, na mimi nimeuugua."

Akanieleza. Alipomzaa mtoto wake wa mwisho, mtoto mzima, msichana mzuri, akakaa majivuni msimu mzima asitake kumshika. Watu wakamtafutia mchawi, wakachinja kuku, wakamwita mvivu. Kisha mwanamke mmoja wa kanisa lao kule Myanga akaanza kuja. Hakuhubiri. Alikaa, alichambua mboga, akamwuliza moyo uko vipi leo, akaomba kwa maneno machache, akaenda. Kesho akarudi. Akarudi mpaka siku moja mama akamshika mtoto wake mwenyewe bila kuambiwa. Na mtoto yule, ndugu zangu, ndiye mke wangu.

Nikamwuliza kwa nini hakuja kumchukua. Akasema, "Nilikuja kumchukua. Nikafika, nikasikia unavyolia ndani. Nikakujua."

Akaomba, hapo hapo ukutani. Aliomba kama mtu anayezungumza na jirani: Bwana, huyu amechoka, nawe unamwona, kaa naye. Basi. Mimi nililia kilio kingine, si kile cha kuwafunga ng'ombe nira. Sikuona nuru, sikusikia malaika. Lakini kwa mara ya kwanza sikuwa peke yangu na kile kitu, na hapo ndipo Bwana aliponishika. Asifiwe!

Tangu siku ile alinipa kazi. Niamke kabla ya jua nichote maji, nitake nisitake. Nile hata kama sisikii ladha. Nilime pamoja na mke wangu, si peke yangu. Nikirudi, nisipite upande wa chunguni, nizunguke. Na kila asubuhi, kabla ya plau, nikae kwenye tundu. Anauliza, "Leo moyo uko vipi?" Akanikataza kusema mzuri kama si mzuri. Siku nyingine nilisema, Mama, leo ni kama jiwe. Anasema, haya, nimesikia, nenda kazini na jiwe lako, jioni utaniambia. Na siku moja nilienda kwenye tundu nikajikuta namweleza habari za ng'ombe mmoja mkaidi, nikaeleza na kueleza, mpaka akacheka. Ndipo nikagundua kwamba nimesahau kumwambia habari za moyo.

Baba zangu wadogo walikuja kuuliza kama babu amekwisha kunywa. Niliwaambia kwa heshima kwamba babu apumzike. Mmoja alikasirika. Mwingine alibaki nyuma akaniuliza taratibu kile kitu cha kifuani kilikuwaje hasa. Huyo naye yuko humu leo, simwonyeshi kwa kidole.

Siku ya ubatizo wangu kanisa lilijaa, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mchungaji akauliza kama desturi: ni nani anayeyajua maisha ya mtu huyu, asimame awe shahidi? Wanaume waliniangalia. Walinijua kwa mrija. Hakuna aliyesimama, nikaanza kuona aibu.

Kisha upande wa wanawake mtu akainuka. Akajifunika leso mpaka usoni, akatembea mbele ya watu wote mpaka nilipo. Wabukusu walishika vinywa! Akafika, akageuka, akasimama mgongo wake ukielekea mgongo wangu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje:

"Uso wake sijawahi kuutazama. Lakini moyo wake naujua. Nimeuuliza kila asubuhi."

Nikabatizwa. Nyapara hakunihamisha tena, na mke wangu alibaki kwangu. Mama alirudi Myanga baada ya mavuno, na hupenda kuja kuimba nasi, kama leo. Msigeuke kumtazama, mtamtia haya.

Je, uzito haurudi? Hurudi, ndugu zangu. Siwadanganyi mbele ya madhabahu. Zipo asubuhi unakuja na kigoda chake, nami siutafutii chungu tena. Namwambia Bwana, namwambia mke wangu, naamka nachota maji, nao hukaa siku chache ukaenda. Namshukuru Mungu kwa hizo siku chache, na zaidi kwa siku nyingi ambazo nimekula chakula nikaona ladha.

Wewe uliyekuja leo na jiwe lako, mtumaini huyu Mungu. Hakuniuliza pesa wala mtamba, hata hakungoja niache kwanza. Sasa tukitoka hapa tutasalimiana kama kawaida, na utaulizwa habari. Usiseme nzuri kwa ajili ya heshima. Nitakuwa nimesimama pale nje chini ya paa, na nitakungoja mpaka uniambie.