Afande Gidudu na Duara la Chaki

Tarehe 30 Juni 1998 Afande Cleophas Gidudu anavua sare ya Magereza, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Wanaofurahia kuondoka kwake ni wawili tu: mkewe, Mama Eseza, ambaye ameshanunua kuku wa kufuga huko Nkoma wanakohamia, na mpishi wetu, aliyechoka kufundishwa fizikia ya mvuke kila anapofunika sufuria ya posho, ugali wetu wa hapa.

Alianza kazi Mbale mwaka 1967, akiwafundisha askari wapya hesabu. Mwaka 1984 akaletwa kwetu, kwenye gereza dogo la shamba nje ya Jinja, awe ofisa wa elimu. Wafungwa walioingia hapa hawajui kusoma wametoka na vyeti vya mtihani wa taifa. Pampu ya maji tunayoitegemea aliifunga yeye, na anapenda ukumbuke hivyo kila unapokunywa.

Jumapili alikuwa msomaji wa ibada katika kanisa la gereza. Alihubiri kwa Kiswahili, lugha ya askari, ambayo wengi humu walizoea kuisikia kwa amri na matusi tu.

Sasa kisa chenyewe. Pasaka ya mwaka 1993 alisoma habari za Yesu kuwatokea wanafunzi wake ilhali milango imefungwa. Akachora duara la chaki sakafuni, akaweka punje ya mahindi katikati. Akatuomba tuwafikirie watu bapa kama karatasi, wanaoishi kwenye saruji ile, wanaojua mbele na nyuma, kushoto na kulia, basi. Kwao ule mstari ni ukuta. Kisha akaiokota punje kutoka juu, akaiweka nje, na mstari haukuguswa. Akasema wenzake wa fizikia hupiga hesabu za pande nyingi kuliko hizi tatu tunazozijua, urefu, upana na kimo, wala hawaoni haya. Kwa nini yeye aone haya kuamini kwamba Bwana aliingia bila kushika kitasa? Wafungwa walishangilia mpaka mabati yakalia. Jamani, wafungwa wakishangilia habari za kupita ukuta! Kwa kisomo chake chote, hilo hakuliwazia.

Kesho yake asubuhi, tulipohesabu wafungwa, mmoja hakuonekana. Filimbi, mbwa, mbio! Alikutwa banda la mahindi, amelala fofofo kwa shibe ya sikukuu. Lakini mkuu wetu wa wakati huo, Afande Apollo, alikuwa ameshaamua kwamba kanisani kunafundishwa utoro. Mchungaji aliyekuwa akitutembelea naye akakasirika kwamba Injili imechanganywa na maabara. Gidudu akaambiwa achague: aache kuhubiri, au avue sare. Alikuwa na watoto wanne shuleni.

Akajibu akiwa wima kwamba haachi chochote, maana aliyeumba pande zote ndiye anayemhubiri. Fizikia, alisema, inamwonyesha tu kwamba macho yetu hayamalizi ulimwengu. Haimwambii nani yuko ng'ambo, wala haimpi mtu ufunguo. Mlango ule hufunguliwa kutoka upande wa pili. Anayeufungua anamjua kwa imani, si kwa chaki. Mchungaji alikuna kichwa, akaomba achorewe tena lile duara.

Afande Apollo, ambaye kushindwa hakukujua, akatoa amri: mahubiri yaendelee, ila kila Jumapili askari akae kanisani kusikiliza kama utoro unafundishwa. Na asije akashawishika, askari huyo awe Muislamu.

Naam, ndiye anayeandika haya, Sebit. Miaka mitano nimekaa benchi la nyuma, bunduki magotini, nikisikia mahubiri kuliko baadhi ya wazee wa kanisa. Sijabatizwa, na yeye hakujaribu. Tumebishana juu ya mambo ya Mungu mpaka chai ikapoa, na tumeagiza nyingine.

Mwaka jana mke wangu, Kadija, alifariki. Watu walinipa pole, nami sikuwa nasikia kitu. Gidudu alifika kwa boda boda, akavua viatu, akakaa mkekani nasi. Hakuhubiri. Alichora duara mchangani kwa kidole, akatoa punje ya mahindi mfuko wa shati, akaiweka ndani, kisha akaiinua taratibu. Mstari ulibaki mzima. Akaniwekea punje kiganjani, akanifumba vidole. Hapo ndipo nilipolia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Punje hiyo ninayo.

Afande, ahsante kwa yote uliyotufundisha, waliofungwa na tuliowafunga. Mungu akupe wewe na Mama Eseza afya, na kuku wenu watage vizuri. Lakini nimeulizia ofisini: amri ya Afande Apollo haijafutwa hadi leo. Kwa hiyo ukianza kuhubiri huko Nkoma, niwekee benchi la nyuma.