Mukimo wa Mama Viola

JEDIDA: Haloo? Ni nani? Hii namba siijui.

KAHONZI: Ni mimi, Mama Randu, wa Ganda. Simu ni ya jirani. Habari za Muyeye?

JEDIDA: Salama. Kumbe bado unanikumbuka.

KAHONZI: Nimesikia umekasirika—

JEDIDA: Nikasirike kwa nini? Kijana yako anakuja kuchumbia msichana wangu, namwekea mukimo, viazi na mahindi na mboga nilivyoponda pamoja kwa mkono wangu, anauangalia tu kama amewekewa maiti. Si angesema anaogopa nimemtilia limbwata asimwache Viola. Na nyinyi wa huku Pwani ndio mafundi wa hizo dawa.

KAHONZI: Ningekuwa na limbwata, babake asingeoa mke wa pili.

JEDIDA: [anacheka, anajizuia] Usinichekeshe. Nimesema hakuna harusi.

KAHONZI: Nisikize kwanza. Viola alikwambia Randu ana usonji?

JEDIDA: Aliniambia. Lakini hiyo ni ya kichwa, si ya tumbo.

KAHONZI: Hata mimi nilidhani hivyo. Mganga kala kuku wangu wote, Randu hakuonja hata mchuzi. Sasa wamekuja watafiti wa chuo, wanachunguza watu kama yeye, waliokua na bado wanachagua chakula. Wakamuuliza—

JEDIDA: Haloo? Unakatika.

KAHONZI: Wakamuuliza mwenyewe. Kumbe chakula kilichochanganywa kinamshinda mdomoni, ni kama kutafuna mchanga. Si kiburi wala hofu. Hula chapati kavu na yai la kuchemsha, basi.

JEDIDA: Na dawa?

KAHONZI: Hawana. Ndio kwanza wanauliza maswali.

JEDIDA: Wasomi wazima.

KAHONZI: Mama Viola, mimi nikipakua mchuzi tu, Randu huinuka akatoka nje. Kwako alikaa na ule mukimo mpaka lini?

JEDIDA: Mpaka tukaondoa vyombo.

KAHONZI: Basi. Mwanangu ampenda mwanao.

[mtandao unakwaruza]

JEDIDA: Jumamosi kaka zangu wanakuja kumwona. Wao wakila nyama na yeye chapati kavu, watasema anatudharau. Watamkataa hapo hapo.

KAHONZI: Hilo ndilo lanikosesha usingizi. Na kredi ya watu inaisha—

JEDIDA: Wote watakula chapati kavu na mayai.

KAHONZI: Kaka zako?

JEDIDA: Wote. Anayetaka nyama aje na mbuzi wake.

KAHONZI: Mama Viola, Mungu aku—

JEDIDA: Ngoja. Hilo yai anapenda liive sana ama— Haloo? Mama Randu? Haloo?