Horace Beddoes, Ambaye Injini Zake Hazikuvuja

Marehemu Horace Beddoes alizaliwa tarehe 14 Machi 1932 katika mtaa wa Foleshill, mjini Coventry, mtoto wa tatu wa Arthur Beddoes, mfua vyuma, na mkewe Florrie. Wasifu huu unasomwa na binti yake, Gillian, na sauti yake ikipanda mtamwia radhi. Ana hasira, na hana mpango wa kuzificha.

Alisoma shule ya hapo mtaani hadi ilipopigwa bomu Novemba 1940, kisha akamalizia masomo katika ukumbi wa kanisa, madarasa mawili yakipigiana kelele. Pasaka ya mwaka 1946 aliajiriwa katika kiwanda cha pikipiki cha Pinfold, kitengo cha kuunga injini. Ukiondoa miaka miwili ya jeshi, alidumu huko mpaka milango ilipofungwa mwaka 1975.

Pikipiki zenyewe wengi wenu mnazijua. Harrier 500 ya mwaka 1949 ilikwenda maili themanini na tano kwa saa, imetulia, na mtu aliipanda hadi Scotland na kurudi bila kulalamikia mgongo. Mwaka 1956 wakubwa wakaitanua injini ileile ikawa ya cc 650, ikapita maili mia. Mwaka 1970 wakaitanua tena ikawa 750, na tangazo likajigamba maili mia na ishirini. Injini ileile, jamani! Kasha lilelile la injini, la vipande viwili, likichongwa na mashine zilizochoka tangu kabla ya vita. Ilitetemeka hata taa ya nyuma ikadondoka barabarani na mikono ya dereva ikafa ganzi. Na mafuta yakavuja, ndiyo. Yangeachaje? Wakati huo Wajapani walikuwa wameshaleta pikipiki ya kubonyeza swichi ikawaka, kavu chini kama meza ya kulia.

Horace hakukubali. Kila kasha lililofika mezani kwake alilisugua kwanza juu ya kioo, taratibu, mpaka vipande viwili vikakaa pamoja bila mwanya wa kupitisha mafuta. Msimamizi alimfokea mbele ya wote: "We Horace, unaunga pikipiki au saa ya mkononi? Paka gundi, sukuma, ije nyingine!" Horace akamjibu, "Ningekuwa naunga saa ungenipakia gundi humo pia." Kwa jibu hilo alihamishiwa stoo majira yote ya baridi.

Tarehe 8 Juni 1957 alimuoa Beryl Cotterill. Siku hiyo alifika kwa wakwe na Harrier yake ya 650 aliyoiunga mwenyewe, yenye kigari cha pembeni. Mama mkwe akatoka mbio na magazeti ayatandike chini, asichafuliwe kizingiti chake alichokisugua alfajiri. Horace akayakunja magazeti, akamrudishia kwa heshima zote. "Yasome tu, mama," alisema. Maharusi wakaenda Wales kwa pikipiki hiyo, na gauni la Beryl likarudi bila doa.

Kiwanda kilipokufa, waliotanua injini walistaafu kwa karamu na hotuba. Lawama wakabebeshwa waliounga: eti wavivu, eti walevi wa chai. Horace akaenda kutengeneza mabasi ya mji hadi alipostaafu mwaka 1997, na kila alikokwenda na Harrier yake mtu alimcheka kwamba inavuja mafuta. Iliuma. Wanaosema alizoea hawakuishi naye nyumba moja.

Mapafu yalianza kumsumbua mwezi Aprili mwaka huu. Alifariki nyumbani tarehe 2 Novemba 2011, mkono wake ukiwa mkononi mwa Beryl. Asubuhi ile aliomba pikipiki iwashwe uani, dirisha liachwe wazi, naye akaisikiliza mpaka ikapata moto.

Juzi Des Pugh, mwenyekiti wa klabu ya pikipiki za Pinfold, alileta shada la klabu. Kwetu shada huundwa kwa umbo la kitu alichokipenda marehemu. Hili lilikuwa karai la kukingia mafuta yanayovuja, la maua meupe, na katikati madoa ya maua yaliyotiwa rangi nyeusi.

"Ni utani wetu tu, Bi Beryl," Des alisema. "Mwenyewe angecheka."

"Alicheka lini? Miaka yote hiyo mnamcheka usoni, we Des, alicheka lini hata mara moja? Mume wangu yuko ndani ya sanduku hapo sebuleni, nawe unamletea karai!"

Des aliondoka na shada lake.

Marehemu ameacha mjane, Beryl, watoto wawili, Gillian na Trevor, wajukuu watatu, na Harrier ya mwaka 1956 iliyomleta leo kanisani ndani ya kigari chake. Imesimama hapo nje tangu kabla ya wimbo wa kwanza, injini ikiwa ya moto. Chini yake Beryl ametandika shuka jeupe, lile la wageni. Tukitoka, kabla ya kwenda makaburini, kila mmoja atainama aangalie. Des, wewe utatangulia.

Utani ule tuuzike leo. Horace naye, hatimaye, apumzike.