Mchungwa Uliopakatwa

Ndani ya basi, fundi cherehani alikaa nyuma ya mama aliyepakata mche wa mchungwa kama mtoto mwenye homa. Majani yake yalikuwa ya manjano.

"Naupeleka ukapimwe," mama alimwambia mzee aliyeketi kando yake. "Ukikutwa na ule ugonjwa usio na dawa, kitalu changu chote kinatiwa moto."

Fundi alivuta miguu yake nyuma, asije akaambukizwa.

Mzee, ambaye naye alikuwa na kitalu cha michungwa, aliinua jani moja kwenye mwanga wa dirisha. "Ugonjwa ule hupaka rangi ovyo, binti yangu, upande huu hivi, upande ule vile. Hili manjano yake yamelingana kushoto na kulia. Hii ni njaa ya mbolea." Akabonyeza kiriba, ule mfuko wa plastiki wenye udongo wa mche. "Tena mizizi imejisokota humu kama nyoka kapuni. Ungeuhamishia kiriba kikubwa zamani!"

Mama alishusha pumzi ndefu hadi majani yakatikisika. Kisha akajikaza. "Baba, maneno yako matamu, lakini nitapima."

"Upime njaa?"

"Macho yako si darubini!"

"Yameona michungwa kabla hujazaliwa!"

Basi likasimama mbele ya maabara. Mzee akainuka naye. "Lete nikubebee. Nataka niwepo wakikwambia nilichokwambia."

"Na wakisema vingine?"

"Nitakusaidia kuchoma."

Mama, ambaye njia nzima hakuuachia mche ule hata kufuta jasho, akacheka, akampa.