Ngoma za Mwalimu Rusmina Hutapea

Ndugu zangu wa ukoo wa Siahaan, wakwe zetu wa Hutapea, mchungaji, walimu, wanafunzi wa zamani na majirani wote wa Balige, poleni na msiba, naomba tukae tusikilizane, na wale wanaokata nyama kule nyuma wapunguze kidogo kelele za mapanga. Mimi ni Mangasi Siahaan, mdogo wa hayati Jonggi, kwa hiyo marehemu aliyelala hapa ni shemeji yangu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, kazi ambayo kwa kawaida mtu huisoma taratibu akakaa, lakini leo ina uzito mwingine, kwa sababu mnaona wenyewe wapiga ngoma wako pale roshani na mikono wameiweka mapajani.

Kwa vijana mliotoka Jakarta na miwani yenu ya jua, nasema mara moja tu, kwetu mzazi mwenye wajukuu hupigiwa ngoma na kuchezewa akiwa amewaoza watoto wake wote, na akibaki mmoja ngoma hunyamaza, isipokuwa wazee waridhie. Shemeji ameacha mmoja hajaoa, ni Parulian, yule aliyesimama kichwani mwa jeneza, na jana mchana mzee wetu wa mila, Ompu Saut, alisema mbele ya wote, "Someni kwanza historia yake niisikie, ndipo nitatoa neno." Basi tega sikio, babu, maana ngoma zikinyamaza leo, kuanzia kesho kila mtu pale sokoni atamnyooshea kidole kijana huyu kwamba ndiye aliyemnyima mama yake heshima, na mimi hilo silitaki hata kulisikia.

Marehemu Rusmina boru Hutapea, yaani binti wa ukoo wa Hutapea, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Laguboti, mtoto wa nne wa mzee Kilian Hutapea, mpiga kinanda wa kanisa, na mama Tiomina, na jirani yao alikuwa muuguzi wa Kijerumani, mama mmoja mrefu aliyefuga kuku, ambaye alimfundisha Rusmina kuhesabu kuku wale kwa lugha yake, matokeo yake mtoto wa miaka sita akawa anawafukuza kuku wa kijiji kizima kwa Kijerumani, na wanakijiji wakadhani anawaombea.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Laguboti kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, akaja sekondari hapa Balige, akiishi kwa shangazi yake aliyeuza samaki wa arsik, wale wa viungo vya manjano tunaowabarikia maharusi, na mwezi Januari 1970 akajiunga na chuo cha ualimu mjini Medan, akachukua Kiingereza, akaongeza na Kijerumani, akahitimu tarehe 12 Desemba 1974, huku wenzake wa bwenini wakimwita Redio kwa sababu hata usingizini aliongea.

Tarehe 6 Januari 1975 alianza kazi katika shule yetu ya sekondari ya juu hapa Balige, na hapo ndipo alipokutana na ukuta, kwa sababu watoto wetu, watoto wa Kibatak ambao sote tunajua walivyo na midomo, wakifika kwenye kipindi cha Kiingereza walikuwa wanakaa kimya kama wamemwagiwa maji, mwalimu anauliza, wanaangalia dari. Alijaribu nyimbo, alijaribu picha, akajaribu hata pipi, wapi. Nakumbuka alikuja nyumbani siku moja akatupa mkoba kwenye kiti, akasema, "Shemeji, hawa watoto wako wanaogopa kukosea, wanaona aibu, sasa nifanye nini na mabubu arobaini?" Mimi nikamwambia, kwa utani tu, "Wape nyama wagawane, uone kama watanyamaza."

Jamani, mwanamke yule hakucheka. Jumatatu iliyofuata alikwenda darasani na nguruwe wa karatasi ngumu aliyemkata vipande, kichwa, taya, shingo, mbavu na mkia, akawapanga wanafunzi pande tatu kama tunavyokaa kwenye sherehe zetu, huku wenye nyumba, huku wakwe waliotupa binti, na huku waliooa kwetu, wale ambao kazi yao ni kubeba maji na kupakua, kisha akatoa sheria moja, kwamba hakuna atakayepata kipande mpaka akidai mwenyewe kwa Kiingereza na kutoa sababu. Kwanza wakaangalia dari. Halafu msichana mmoja akapewa mkia badala ya taya, na babu zake wote walioko kaburini wakasimama ndani yake, akasema Kiingereza kibovu cha kutisha, lakini akasema, na wa upande wa pili akamjibu, na wa tatu akapiga meza, na tangu siku hiyo kipindi cha Mwalimu Rusmina kikawa kinasikika mpaka ofisi ya mkuu wa shule, Kiingereza siku za Jumatatu na Jumatano, Kijerumani Ijumaa, nguruwe yule yule.

Wapo waliolalamika, wakasema hii si shule tena, ni soko, na ndiyo sababu siku ya Jumatano tarehe 16 Septemba 1987 alikuja mkaguzi kutoka Medan, bwana mmoja wa suti ya kijivu, mkali kweli kweli, kuja kuona kama mwalimu huyu anafaa kuendelea au ahamishwe. Sasa, shemeji alikuwa na haraka, akamkaribisha mgeni kwenye benchi lililokuwa na nafasi, bila kukumbuka kwamba ni benchi la waliooa kwetu. Mkaguzi hajakaa vizuri, mvulana mmoja akamgeukia akamwambia kwa Kiingereza, "Wewe bwana, shingo ni yako, chukua, halafu kalete maji, wakwe wana kiu." Mkaguzi akawa mwekundu, akainuka, na badala ya kutoa kalamu akanyoosha kidole kwa yule mvulana na kumjibu kwa Kiingereza, "Mimi ni Siahaan, mwenye nyumba wa hapa tangu kabla babu yako hajaota meno, na hilo taya ulilolishika ni langu!" Wakamvaa, akawavaa, kengele ikalia na hakuna aliyetoka, na mwisho wake mkaguzi alirudi Medan na taya la karatasi ndani ya mkoba wake, na mwalimu hakuhamishwa. Mkaguzi yule simtaji jina, amekaa pale mbele na fimbo yake, ana miaka themanini na mitano, na sasa anajifanya kukohoa.

Tarehe 21 Agosti 1976 marehemu alifunga ndoa na kaka yangu Jonggi Siahaan, fundi umeme, ambaye kwa miezi minane alikuwa akija kutengeneza kengele ya shule isiyokuwa na ubovu wowote, na Mungu akawajalia watoto watatu, Rotua mwaka 1978, Hotlan mwaka 1980 na Parulian mwaka 1984, pamoja na wajukuu watano. Watoto wakubwa wawili walikimbilia Kiingereza, wakaoa na kuolewa Jakarta kwa sherehe zilizotuchosha viungo, lakini Parulian alikuwa wa jikoni, anamenya vitunguu na mama yake huku wanapiga soga kwa Kijerumani, na kaka yangu akipita alikuwa anasema, "Najua mnanisengenya, endeleeni tu." Kaka alitutoka tarehe 2 Mei 2009, na shemeji alistaafu mwaka 2011, ingawa nguruwe wake wa karatasi hakustaafu, yuko shuleni hadi leo.

Tarehe 3 Februari 2017 shemeji alipatwa na kiharusi, tukamkimbiza hospitali, akapona mwili upande mmoja, lakini alipofumbua macho na kuanza kusema tukashikwa na butwaa, maana Kibatak kilikuwa kimekwenda, Kiindonesia kimekwenda, Kiingereza cha miaka yote ile kimekwenda, kilichobaki ni kile cha kuku wa Laguboti, Kijerumani kitupu. Anaomba maji, muuguzi analeta blanketi. Analia, hatujui analia nini. Rotua akampigia simu mdogo wake aliyekuwa Batam, kwenye kiwanda cha meli, na Parulian akapanda ndege siku iyo hiyo akiwa bado na ovaroli, akaingia wodini, mama yake akamwambia maneno matatu, naye akatoka akaturudia na kusema, "Anataka uji, na anataka wajomba wapunguze sauti." Tulicheka mpaka tukafukuzwa.

Alikuja kwa wiki mbili, amekaa miaka saba. Alikuwa na mchumba kule Batam na harusi yao ilikuwa imepangwa Juni mwaka ule ule, ikasogezwa, ikasogezwa tena, mpaka binti wa watu akaolewa kwingine, na simlaumu hata kidogo, kusubiri nako kuna mwisho. Yeye akabaki kuwa mdomo wa mama yake, kwa daktari, kwa mchungaji, kwa muuza mboga, na mama akimfokea mgeni, Parulian anatafsiri, "Mama anafurahi sana kukuona."

Mwaka 2022 hali ilipokuwa mbaya, shangazi zake, siwataji, wanajijua, walileta binti mzuri tu kutoka kijiji cha jirani, na samaki wa arsik kwenye sinia, ili wafungishwe ndoa pale pale kando ya kitanda, mama apate ngoma zake. Shemeji akamtazama yule binti kwa muda, akasema jambo refu, na Parulian akasema, "Mama anashukuru kwa samaki." Walipoondoka nikamkaba kijana aniambie ukweli, akaniambia mama amesema, "Mrudisheni mtoto huyu kwao, amelia njia nzima, sitaki ngoma za namna hiyo." Samaki tulikula.

Marehemu alifariki Jumapili tarehe 9 Juni 2024 alfajiri, nyumbani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Parulian.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wengine wakajifunza kusema habari za asubuhi kwa Kijerumani, inawashukuru majirani mliopika na kulala hapa nasi, walimu wenzake, wanafunzi wake wa miaka thelathini na sita mlioijaza njia hii hadi ziwani, na mchungaji wetu kwa sala zake. Shemeji Rusmina, umefanya kazi, umechoka kwa haki, pumzika sasa kwa amani ya Bwana, sisi tutaendelea kubishana.

Sasa, babu Ompu Saut, karatasi yangu imeisha. Mila inauliza kama mzazi ameacha mtoto ambaye malezi yake hayajakamilika, na mimi nakuuliza, huyu hapa amepungukiwa na nini? Hayo tu.

Naona babu anaishika fimbo yake, anasimama. Msaidieni, basi. Haya, hataki kusaidiwa.

Jamani, walio nyuma hawakusikia, narudia neno lake kama alivyolisema, "Parulian, mwambie mama yako mwenyewe, kwa lugha yake, kwamba ngoma zinaanza."

Anamwinamia. Anamwambia. Mimi sijui kasema nini, Kijerumani changu hakivuki chai, na nyinyi wapiga ngoma, mnamsubiri nani tena? Pigeni!